Nani Alipe Gharama ya Kuuponya Mlima?

Kila mwaka mvua zinapokaribia, maneno yale yale husikika katika vijiji vyetu. Mwenyekiti huitisha mkutano. Mtendaji husoma sheria ndogo: mtu asichome moto ovyo, asilishe mifugo katika mlima uliofungwa, asilime kando ya mto. Bwana shamba naye husimama akaeleza habari za makinga maji, samadi na mbegu zinazostahimili ukame. Baadhi ya watu huitikia. Wengine hunong'ona: "Shamba ni langu, jembe ni langu, na njaa ikija ni yangu. Huyu anayeniamuru amepata wapi haki hiyo?"

Neno hilo si la ukaidi tu. Ndani yake mna swali la haki, nasi twaona yafaa tulizungumze bila kufichana. Je, ni halali serikali, iwe ya kijiji, ya wilaya au ya taifa, kumlazimisha mtu aihifadhi ardhi? Na kama ni halali, nani alipe gharama ya kuihifadhi? Maana mlima hauponi bure. Mlima ukifungwa ili majani yarudi, kuna mtu ambaye ng'ombe wake watakosa malisho. Kando ya mto ikiachwa bila kulimwa, kuna mama ambaye mboga zake hazitakuwapo tena. Ni rahisi kuisifu ardhi iliyopona. Yatupasa pia kuuliza dawa ilinunuliwa kwa fedha ya nani.

Habari za Kondoa

Sisi tukaao katika nyanda hizi kavu za kati hatuhitaji kuelezwa korongo ni nini. Lakini kwa ajili ya vijana, yafaa tukumbushe habari za milima ya Irangi, wilayani Kondoa. Huko udongo mwekundu ulikatwa na makorongo marefu, na mito ikajaa mchanga. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wengi waliujua kwa jina la HADO, ukisaidiwa na nchi ya Uswidi. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa, makorongo yakazibwa. Hata hivyo mifugo iliendelea kupita juu ya makinga maji na kuila miche. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri kubwa: mifugo yote itoke katika eneo lililomomonyoka, eneo lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 1,250. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, ambao jumla yao ilizidi 80,000, wakaondolewa.

Ardhi ilijibu. Majani yalirudi upesi kuliko walivyotazamia wengi, vichaka vikafuata, na mahali palipokuwa uwanda mtupu pakafunikwa. Wakulima walianza kulima tena sehemu ambazo zilikuwa zimeachwa. Mwaka 1989 mlango ulifunguliwa kidogo: watu waliruhusiwa kufuga tena, lakini ng'ombe wa maziwa, nao wafungwe zizini na kukatiwa majani, wasiachiliwe kuzurura. Wageni kutoka nchi nyingi walikuja kujifunza, na picha za milima ile, kabla na baada, zilionyeshwa mbali.

Picha hizo ni za kweli, wala hatutaki kumnyima mtu sifa yake. Lakini picha ya mlima haionyeshi kibuyu cha maziwa kilichokauka nyumbani. Haionyeshi maksai waliouzwa, wala shamba lililokosa samadi, wala kijana aliyekuwa akitegemea ng'ombe wa baba yake apate kuoa. Kwa mfugaji, ng'ombe ni akiba yake, ni jembe lake, ni mbolea yake, ni heshima yake mbele ya wakwe. Kumwambia awaondoe wote kwa siku moja ni kumwambia azivunje nguzo nne za nyumba kwa mara moja.

Wasio na sauti mkutanoni

Tuanze na upande wa amri, maana una haki yake, na haki hiyo ni nzito.

Yule asemaye "shamba ni langu" asema kweli, lakini hajaimaliza kweli yote. Maji hayajui mpaka. Mvua ikinyesha juu ya mlima ulio mtupu, haisimami kwenye kigingi cha shamba. Hushuka na udongo, ikauzika mpunga wa mtu wa bondeni, ikajaza mchanga katika bwawa ambalo kijiji kingine hunywa. Aliyekata miti huko juu huenda asimjue kabisa aliyefukiwa huko chini. Anayeumia hakualikwa katika shauri, wala hakupewa nafasi ya kusema hapana.

Tena wako wasioweza kualikwa kabisa, nao ni wale ambao hawajazaliwa. Udongo wa juu, ule mweusi uoteshao mazao, hujengwa polepole sana, kwa muda mrefu kuliko maisha ya mtu, lakini mvua chache za nguvu zaweza kuuondoa. Mtu akiula udongo huo katika miaka yake ishirini ya kulima, amekula kilichokuwa cha wajukuu. Hakuna mahakama ambayo wajukuu hao wanaweza kumshtaki. Kama hakuna mtu wa kusimama badala yao, wamekwisha kushindwa kabla ya kuzaliwa.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kukubali kwamba ardhi ni shauri la mwenye jembe peke yake. Jamaa yeyote yenye busara huweka mipaka. Wazee wetu hawakuwa na ofisi wala mihuri, lakini walikuwa na misitu isiyokatwa, chemchemi zisizochezewa, na malisho yaliyofungwa mpaka wakati wake. Walijua kwamba tamaa ya mmoja yaweza kuwa ukame wa wote. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inapokataza shughuli za kudumu za watu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, haileti jambo geni. Inasema kwa lugha ya vipimo lile ambalo wazee walilisema kwa lugha ya mwiko.

Basi jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Ni halali kumzuia mtu asiiharibu ardhi, hata iliyo mikononi mwake. Lakini kusema hivyo ni nusu ya neno.

Mzigo ulioangukia wachache

Nusu ya pili ni hii: ukimzuia mtu kwa faida ya wote, si haki gharama imwangukie yeye peke yake.

Turudi Kondoa. Faida ya kuondoa mifugo ilienea kwa watu wengi: kwa wakulima wa bondeni, kwa watumiaji wa maji, kwa taifa lililojivunia mradi. Gharama ilimwangukia mwenye mifugo. Tena haikuwaangukia wote sawasawa. Mwenye ng'ombe mia huwa na ndugu na marafiki katika nchi za mbali, naye aweza kuwakabidhi ng'ombe wake huko. Mwenye mbuzi watatu hana pa kuwapeleka. Huyo huuza kwa bei ya siku ya kufukuzwa, na bei ya siku ya kufukuzwa siku zote ni ndogo. Amri ile ile, maneno yale yale, lakini mmoja ilimkwaruza na mwingine ilimvunja.

Yako na mambo mengine mawili ya kupimwa. La kwanza, ng'ombe aliyeondolewa Irangi hakuacha kula majani. Alikwenda kuyala mahali pengine, katika nyika za tambarare, penye watu wengine na mifugo mingine. Kwa hiyo sehemu ya mzigo haikuondolewa, ilihamishwa tu. Kuupeleka uharibifu kwa jirani si kuhifadhi.

La pili ni habari ya lawama. Ilikuwa desturi kusema kwamba makorongo yote ya Irangi yaliletwa na wafugaji wa siku hizi. Baadaye wataalamu waliopima umri wa tabaka za udongo katika milima ile walionyesha kwamba mmomonyoko wa huko una historia ndefu sana, ya maelfu ya miaka, nao ulikuja kwa vipindi. Hilo haliwaondolei watu wa leo wajibu wao, maana ng'ombe wengi mno mahali pamoja huharibu kweli. Lakini latufundisha kuwa wapole tunapotafuta wa kumlaumu. Mtu aliyebebeshwa hatia isiyo yake hawezi kuipenda dawa anayopewa.

Tena tukumbuke amri ile ilitolewa wakati gani. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, nazo zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka 1979 mfugaji wa Irangi hakuwa na diwani wa halmashauri wa kumwendea na kumwambia, "Umenisemea nini kikaoni?" Hili si jambo dogo. Mtu aweza kuvumilia uamuzi mchungu ikiwa sauti yake ilihesabiwa. Uamuzi mchungu uliofika kama mvua ya mawe, huo huvumiliwa kwa meno tu.

Wala haikuwa mara ya kwanza katika nchi hii. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika milima ya Uluguru. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: udongo usishuke. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na mahali pengi udongo duni wa chini ulifukuliwa ukawekwa juu, mazao yasiongezeke. Watu walishurutishwa wafanye kazi ambayo macho yao yaliwaambia kwamba haisaidii. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea huko Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Kwa miaka mingi baadaye, ukisema neno "matuta" mbele ya wazee wa huko, ulikuwa umetaja fimbo. Hivyo jambo jema lililolazimishwa vibaya liliwachukiza watu, hata lilipokuja tena kwa upole.

Njia ya Shinyanga

Sasa tutazame upande mwingine wa nchi. Katika Usukuma kulikuwa na desturi ya ngitili. Jamaa au ukoo ulifunga sehemu ya malisho wakati wa masika, mifugo isiingie, hata majani yakue na kukomaa. Kiangazi kilipokaza, sehemu hiyo ilifunguliwa kwa ndama, kwa maksai na kwa wanyama wadhaifu. Desturi hiyo ilidhoofika. Misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na wakati wa kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 watu waliziacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986, ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ilikadiriwa kuwa zilizobaki ni kama hekta 600 tu.

Mwanzoni watu wa mpango walielekea kupanda miti kwa njia ya ofisi: vitalu, miche, mistari. Lakini waliona kwamba wananchi walikuwa na elimu yao wenyewe, nao wakaigeukia. Badala ya kuleta jina jipya, walitumia jina la ngitili. Badala ya kuleta walinzi kutoka mbali, waliwaachia wenyeji mabaraza yao, na sungusungu wakasimamia. Vijiji vilitunga sheria ndogo zake na halmashauri za wilaya zikazipitisha. Matokeo yake yajulikana: kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimerudi katika mamia ya vijiji, na eneo lake likapita hekta 250,000.

Mtu asije akafikiri kwamba twasimulia hadithi ya watu wasio na dosari. Huko nako mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na asiye na ardhi mara nyingine alilazimika kununua majani ambayo zamani aliyapata bure. Lakini pale ambapo ngitili ilikuwa ya kijiji kizima, hata mnyonge alipata kuni, dawa, asali na nyasi za kuezekea, na mapato ya kukodisha malisho yaliweza kujenga darasa. Kwa hiyo Shinyanga nako kwatuambia neno lile lile kwa sauti ya upole: hata njia njema yahitaji kuangaliwa, isije ikawa uzio wa wenye nacho.

Tofauti ya Kondoa na Shinyanga haikuwa tofauti ya watu wabaya na watu wema. Waliotoa amri ya 1979 waliipenda ardhi. Hali ya Irangi ilikuwa mbaya sana, na huenda dawa ya polepole isingetosha. Tofauti ilikuwa katika swali hili: je, yule atakayebeba mzigo ni mgonjwa wa kutibiwa, au ni mwenzetu wa kushauriana naye?

Mizani tatu

Tukiyakusanya hayo yote, twaona kwamba amri au mpango wowote wa kuhifadhi ardhi wafaa upimwe kwa mizani tatu.

Kwanza, je, mbeba mzigo amesikiwa? Kwa sheria zetu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote waishio kijijini, si wa wajumbe peke yao. Sheria ndogo ya kijiji hupelekwa katika mkutano huo kabla ya kwenda kwenye halmashauri ya wilaya kupata idhini. Njia hiyo ipo. Lakini njia isiyopitwa huota majani. Sheria iliyopitishwa na watu ishirini chini ya mti, huku wafugaji wako machungani na akina mama wako kisimani, ina muhuri lakini haina watu. Kuitisha mkutano saa ambayo mhusika hawezi kuja ni namna ya kumnyamazisha bila kumfunga mdomo.

Pili, je, mzigo umegawanywa kwa kadiri ya uwezo na kwa kadiri ya faida? Kama mlima unafungwa kwa ajili ya maji ya kijiji cha chini, si haki kijiji cha juu kifunge mikanda peke yake. Wanywao maji wawasaidie waliofunga mlima. Kama mifugo haina budi ipunguzwe, mwenye wengi apunguze kwanza, na mwenye mbuzi watatu apewe nafasi na muda. Adhabu nayo ipimwe hivyo hivyo. Faini ambayo kwa mmoja ni bei ya soda na kwa mwingine ni chakula cha mwezi si faini moja, ijapokuwa tarakimu zafanana.

Tatu, je, mkono unaokataza ndio mkono unaosaidia? Hili ndilo tungependa kulikazia zaidi. Amwambiaye mtu, "Usilishe mlimani," atoke naye mpaka zizini amwonyeshe namna ya kupanda mabingobingo, namna ya kukausha majani, namna ya kupata ng'ombe mmoja atoaye maziwa ya watatu. Amwambiaye mama, "Usilime kando ya mto," amsaidie kuchimba kisima na kupata shamba mahali pengine. Akataza bila kusaidia, huyo amechukua tu. Vilevile amsaidia mtu bila sharti lolote kuhusu ardhi, huyo ametupa mali ya wote. Kondoa kwenyewe kwaonyesha jambo hili: katazo lilikuja mwaka 1979, na ng'ombe wa zizini wakaja mwaka 1989. Miaka kumi katikati ni mirefu kwa mtoto anayehitaji maziwa. Mtoto huyo, ng'ombe alipofika, alikwisha kuwa kijana.

Msaada uliopo na wajibu wa mpokeaji

Siku hizi halmashauri zetu zina vyombo ambavyo watu wa 1979 hawakuwa navyo. Maafisa ugani ni watumishi wa halmashauri, nao waweza kuitwa na kuulizwa. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake utengenezwe, ikaanza tena mwaka 2024. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku imetolewa kwa wakulima waliojiandikisha. Na ushuru wa mazao yetu huenda katika mfuko wa halmashauri. Hiyo ni jasho letu, nasi tuna haki ya kuuliza limerudi shambani kwa njia gani.

Lakini msaada nao una maadili yake, kwa mtoaji na kwa mpokeaji.

Mtoaji akumbuke kwamba bei ni fundisho. Kitu kinachopunguzwa bei watu hukitumia, na kile kisichosaidiwa watu hukiacha. Mbolea ya viwandani ikishushwa bei ilhali samadi na mboji hazina mtu wa kuzisemea, mkulima atafundishwa bila neno kwamba udongo ni gunia tu la kumiminia dawa. Hatusemi mbolea ya viwandani ni mbaya. Shamba lililochoka laweza kuihitaji, na mwenye watoto wenye njaa asikatazwe. Twasema tu kwamba udongo usio na samadi wala mabaki ya mimea hauishiki mbolea hiyo vizuri, nayo hupotea na maji. Ingekuwa vyema mfuko wa ruzuku na somo la makinga maji vifike kwenye shamba siku moja, vikiwa vimeshikana mikono.

Mpokeaji naye asijidanganye. Kuunda kikundi cha majina matupu ili kupata mkopo wa vijana ni kumwibia kijana wa kweli aliye jirani. Kuchukua mbolea ya ruzuku na kuiuza kwa mfanyabiashara ni kuuza mavuno ya mwenzako kabla hajapanda. Watu husema, "Ni mali ya serikali." Lakini serikali haina ng'ombe wala shamba. Ilicho nacho ilikitoa kwa mwanamke aliyelipa ushuru wa gunia lake la mbaazi mnadani. Mwenye kuiba hapo ameingia katika ghala la mwanamke huyo, ijapokuwa hakuvunja mlango wake.

Na njaa je?

Mtu aweza kutujibu: "Maneno yenu ni mazuri, lakini njaa haina subira. Mwenye watoto wanaolia usiku hawezi kuwafikiria wajukuu." Tunalipokea neno hilo kwa uzito, maana ni la kweli. Maskini haiharibu ardhi kwa sababu haipendi. Huiharibu kwa sababu leo imemkaba shingo. Ndiyo maana hatukubali hifadhi inayoanzia kwa mnyonge na kuishia kwake. Anayemtaka maskini aifikirie kesho hana budi amsaidie kuivuka leo.

Lakini neno hilo hilo la njaa hutumiwa pia na wasio na njaa. Mwenye trekta akatae kufuata kontua kwa sababu yachelewesha kazi. Mwenye kundi kubwa aingize ng'ombe usiku katika mlima uliofungwa. Mkubwa wa ofisi alime bustani yake ndani ya zile meta 60 huku akiwafukuza wengine. Hao wasijifunike blanketi la maskini. Sheria inayomkamata mwenye jembe na kumpita mwenye trekta haihifadhi ardhi, yahifadhi wakubwa. Na watu wakiona hivyo mara moja tu, hawataiheshimu tena, wala hatutakuwa na neno la kuwaambia.

Wajibu ulio karibu nasi

Tumalizie na mambo yaliyo karibu na mikono yetu.

Katika Agano la Kale twasoma juu ya mwaka wa saba, ambao ardhi iliachwa ipumzike, na kilichoota chenyewe kikawa chakula cha maskini na cha wanyama. Agizo hilo lilikuwa na pande mbili zisizotengana: ardhi ipumzike, na maskini ale. Haikuwa ruhusa kulishika la kwanza na kuliacha la pili. Nasi tukitazama mambo ya Kondoa, ya Uluguru na ya Shinyanga, twaona kwamba palipo na pande zote mbili kazi hudumu, na palipo na upande mmoja tu hubaki uchungu au hubaki jangwa.

Basi shamba la kanisa liwe la kwanza kuwa na makinga maji, lisiwe la mwisho. Mabaki ya mazao yake yasichomwe. Mkutano wa kijiji ukitangazwa, tutangaze nasi baada ya ibada, na aliye na mifugo na aliye na bustani wahimizwe kwenda wenyewe, wasitume mtu. Umoja wa Mama wamwalike afisa ugani waziwazi, waulize habari za mikopo na masharti yake, kisha walipe kama walivyoahidi ili fedha imfikie mwingine. Na mahali ambapo mlima umefungwa kwa faida ya wote, tuulize kwa majina: ni nani aliyepoteza malisho yake hapa? Tukishamjua, tusimwache peke yake. Debe la mahindi, siku mbili za kazi katika shamba lake, majani ya kulishia zizini wakati wa kiangazi: hayo ni malipo ya deni, si sadaka. Yeye amelipa kwa ajili yetu, nasi twanywa maji.

Mlima waweza kufungwa kwa amri ya siku moja. Kuufunga kwa haki ni kazi ndefu zaidi, maana yahitaji vikao, hesabu, uvumilivu na macho ya kumwona mwenye mbuzi watatu. Lakini mlima uliofungwa kwa haki hauhitaji walinzi wengi. Hulindwa na wale wale ambao ulipata kuwagharimu.